Chakula cha Jioni Chenye Lishe Ndani ya Nusu Saa: Mwongozo kwa Familia Zenye Watoto

Mchele mweupe huiva kwa muda usiozidi dakika 20. Adesi nyekundu zilizokobolewa huhitaji dakika 15 hadi 20, minofu ya samaki yenye unene wa sentimita mbili huiva kwa dakika 8 hadi 10, na mayai ya kukaanga hayafikishi dakika tano. Ukizitazama dakika hizo utaona kwamba jiko lenyewe halina hatia kubwa pale familia inapoketi mezani usiku watoto wakiwa wamekwisha kusinzia. Muda hupotea katika mambo yanayolizunguka jiko: kufungua jokofu na kujiuliza kipikwe nini, kungoja nyama iliyoganda iyeyuke, kutafuta kitunguu ambacho kumbe kiliisha juzi, na kumenya viazi huku mtoto mmoja akilia njaa na mwingine akitaka kusaidiwa hesabu za shule. Kwa hiyo chakula cha haraka hutengenezwa saa nyingi kabla ya moto kuwashwa, na hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata mwendo wa wiki, kuanzia siku ya kupanga hadi kiporo cha mwisho. Vipimo vilivyotajwa vinatosha watu wazima wawili na watoto wawili au watatu.

Hatua ya kwanza: Ipe kila jioni aina ya kitoweo

Orodha ya mapishi saba iliyobandikwa ukutani hupendeza siku ya Jumapili na huvunjika ifikapo Jumatano, kwa sababu hudai viungo mahususi na haivumilii dharura. Ni afadhali kila jioni ipewe aina ya kitoweo tu, kwa mfano Jumatatu jamii ya kunde, Jumanne mayai, Jumatano samaki, Alhamisi kuku au nyama, na Ijumaa viporo pamoja na chochote kilichobaki katika kapu la mboga. Mpango wa namna hii humwachia mpishi nafasi ya kutumia kilichopo, na bado humwondolea lile swali linalochosha kuliko kupika kwenyewe. Watoto nao huuzoea upesi, kiasi kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kukukumbusha kuwa leo ni siku ya mayai.

Kitoweo kikishajulikana, wanga na mboga hufuata bila taabu. Mwaka 2011 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliachana na piramidi ya chakula na kuanza kutumia picha ya sahani, ambayo nusu yake ni mboga na matunda, na nusu nyingine hugawanywa kati ya nafaka na vyakula vyenye protini. Picha hiyo hufaa jikoni kuliko jedwali la kalori, kwa kuwa hupimwa kwa macho wakati wa kupakua. Viazi, ingawa ni mboga kwa maana pana, mezani hufanya kazi ya wanga, na sahani yenye wali na viazi peke yake haijapata mboga hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku kwa watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa wale wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10. Kiasi hicho hakiwezi kufikiwa kwa vipande vitatu vya nyanya vilivyowekwa pembeni ya sahani kama pambo, hivyo mboga inapaswa kuwa sehemu ya mlo tangu wakati wa kupanga.

Andika orodha ya ununuzi kwa kufuata mpango huo, kisha ongeza akiba ya dharura isiyoharibika haraka: adesi, maharage ya kopo, samaki wa kopo, nyanya za kopo, tambi, mayai, na mfuko mmoja au miwili ya njegere au mboga mchanganyiko zilizogandishwa. Wapo wanaoziona mboga zilizogandishwa kuwa duni, lakini dhana hiyo haina msingi, kwani hutokoswa kidogo na kugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa, na kwa sababu hiyo hubaki na sehemu kubwa ya virutubisho vyake, pengine kuliko mboga mbichi iliyokaa siku tano ikinyauka. Maharage ya kopo yasuuzwe kwa maji safi kabla ya kutumiwa ili kupunguza chumvi.

Hatua ya pili: Tumia saa moja na nusu mwishoni mwa wiki

Kazi ya siku hii iwe ya vitu vitatu tu, yaani maharage, mchuzi wa msingi na mboga za majani. Anayejaribu kupika milo yote mitano kwa siku moja huchoka, hujaza jokofu, na kufikia Alhamisi hula chakula kilichopoteza ladha.

Maharage yachukue nafasi ya kwanza kwa kuwa ndiyo yanayokawia. Yachambue, yaoshe, kisha yaloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo na uyapike kwa maji mapya. Maharage mekundu yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa yakiwa mabichi yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, ambayo husababisha kutapika na kuhara hata kwa mtu aliyekula punje chache zisizoiva. Sumu hiyo huharibiwa kwa kuyachemsha maharage katika maji yanayotokota kwa nguvu kwa dakika 10 kamili au zaidi, ndipo moto upunguzwe hadi yalainike. Kwa sababu hiyo, sufuria ya umeme ya kupika polepole isitumike kupikia maharage mekundu ambayo hayajachemshwa kwanza, maana joto lake linaweza lisifikie kiwango kinachohitajika.

Mwenye presha kuka atapunguza muda kwa kiasi kikubwa. Ndani ya chombo hicho maji huchemka kwenye joto la karibu nyuzi 120 za Selsiasi badala ya 100, hivyo maharage yaliyolowekwa huiva kwa robo saa hadi nusu saa, kutegemea aina na umri wake. Usikijaze chombo zaidi ya nusu unapopika jamii ya kunde, kwa sababu povu lake huweza kuziba tundu la kutolea mvuke. Vikombe vitatu vya maharage makavu vitatoa vikombe vinane hivi vya maharage yaliyoiva. Yagawe katika mifuko ya vikombe viwili viwili, uyasambaze hadi mfuko ubaki na unene wa sentimita mbili au tatu, kisha uyagandishe yakiwa yamelazwa. Mfuko mwembamba huyeyuka ndani ya dakika chache ukimiminwa kwenye mchuzi wa moto, ilhali bonge nene litakusubirisha.

Mchuzi wa msingi ndio unaookoa jioni nyingi kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu, na ukipata nafasi ya kufanya jambo moja tu mwishoni mwa wiki, fanya hili. Katakata vitunguu sita na uvikaange kwa vijiko vinne vya chakula vya mafuta, kwa moto wa wastani, kwa dakika 12 hadi 15 bila haraka, mpaka vilainike na kuanza kubadilika rangi. Tia vitunguu saumu vilivyopondwa, punje sita au nane, koroga kwa dakika moja, kisha tia nyanya kilo moja na nusu zilizokatwakatwa au kusagwa. Acha sufuria wazi ili maji yapungue, koroga mara kwa mara, na upike kwa dakika 30 hadi 40, mpaka mchuzi uwe mzito na mafuta yajitenge pembeni. Utapata takribani vikombe vitano. Usitie chumvi wala pilipili katika hatua hii, kwa sababu mchuzi huu utatumika katika vyakula tofauti na kwa walaji wa umri tofauti. Weka jokofuni kiasi cha siku tatu na ugandishe kilichobaki.

Mboga za majani zichambuliwe, zioshwe na kukaushwa vizuri, kisha zihifadhiwe zikiwa nzima ndani ya chombo chenye kitambaa safi au karatasi ya kunyonya unyevu. Zisikatwe mapema, kwani kila jani linapokatwa huongeza eneo linalokutana na hewa na vitamini C hupungua zaidi. Karoti na kabichi huvumilia kukatwa siku moja au mbili kabla.

Hatua ya tatu: Dakika tano za usiku na asubuhi

Kabla ya kulala, tazama mpango wa kesho na uhamishe nyama, kuku au samaki kutoka friza hadi sehemu ya chini ya jokofu, ndani ya bakuli litakalopokea maji yake. Kuyeyusha nyama juu ya meza ya jikoni kutwa nzima ni hatari, kwa sababu bakteria huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na sehemu ya nje ya nyama hufikia joto hilo wakati sehemu ya ndani bado ni barafu. Ukisahau, ifunge nyama ndani ya mfuko usiopitisha maji na uizamishe katika maji baridi, ukiyabadilisha kila baada ya nusu saa.

Asubuhi hakikisha tu kwamba vitu vya jioni vipo na vinaonekana. Ikiwa kuku ndiye kitoweo, mkate vipande vyembamba na umchanganye na vijiko vichache vya mtindi, tangawizi na bizari, umfunike na umrudishe jokofuni. Jambo hilo huchukua dakika nne na humfanya alainike na kukolea kufikia jioni.

Hatua ya nne: Mpangilio wa jioni yenyewe

Ukiingia jikoni, kitu cha kwanza kiwe maji. Yabandike kabla hujavua viatu, kama hilo linawezekana, kwa sababu wali, tambi na viazi vyote huanzia hapo na hakuna ustadi wa kisu unaoweza kuyaharakisha maji. Sufuria ifunikwe. Kisha anza kinachochukua muda mrefu kuliko vingine, ambacho mara nyingi ni wanga, na wakati kinaiva kata mboga na uandae kitoweo. Wali mweupe hupikwa kwa vikombe viwili vya mchele na vikombe vinne vya maji, pungufu kidogo ikiwa mchele ni mpya. Wali wa mchele usiokobolewa ni bora kwa nyuzinyuzi lakini huchukua dakika 40 au zaidi, hivyo upike mwingi mwishoni mwa wiki na uugandishe, au uuache kwa siku isiyo na haraka. Viazi vikikatwa vipande vya sentimita mbili huiva kwa dakika 12 hadi 15, ambapo kiazi kizima kinaweza kumaliza nusu saa nzima.

Watoto wenye njaa hawangoji. Badala ya kuwapa biskuti, ambazo zitawaondolea hamu ya chakula, weka mezani bakuli la matunda yaliyokatwa au tango na karoti zilizotokoswa kidogo wakati wewe unapika. Wakila nusu yake, tayari wamekula sehemu ya mboga zao, na hakuna aliyebembelezwa. Mwenye umri wa miaka minne anaweza kuosha mboga na kuchuma majani kutoka kwenye vijiti, na wa miaka minane anaweza kupima mchele na kukoroga unga. Msaada wao hautakuharakishia kazi hata kidogo, ila mtoto aliyeshika chakula kwa mikono yake huwa mwepesi zaidi wa kukionja.

Hatua ya tano: Milo mitano ya kuanzia

Adesi kwa wali na mboga za majani. Huu ndio mlo ninaoupendekeza kwa jioni yenye dhiki zaidi ya muda, kwa sababu hauhitaji kuloweka wala kuyeyusha chochote. Osha kikombe kimoja na nusu cha adesi nyekundu mpaka maji yawe safi, tia vikombe vinne na nusu vya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano, chemsha, ondoa povu, kisha punguza moto na uache ziive kwa dakika 15 hadi 18. Wali uwe unaiva kwenye jiko la pili. Adesi zikishalainika, na si kabla ya hapo, tia kikombe kimoja na nusu cha mchuzi wa msingi. Sababu ya kusubiri ni kwamba asidi ya nyanya hufanya maganda na nyama ya jamii ya kunde ikaze, na ukitangulia kuitia utapika muda mrefu bila kuona mabadiliko. Dakika tatu kabla ya kuepua, tia mikono miwili au mitatu ya mboga za majani zilizokatwa, kisha chumvi kidogo. Epua, ndipo ukamulie limau moja.

Limau hilo halikuwekwa kwa ajili ya ladha peke yake. Madini ya chuma yaliyomo katika adesi na mboga za majani hufyonzwa na mwili kwa shida kuliko yale ya nyama, na vitamini C inayoliwa katika mlo uleule huongeza ufyonzaji huo. Moto huiharibu vitamini C, ndiyo maana limau hutiwa mwishoni. Kwa upande mwingine, chai na kahawa hupunguza ufyonzaji wa chuma, hivyo kikombe cha chai kisiandamane na mlo wa namna hii, hasa kwa mtoto. Mafuta yaliyomo katika mchuzi nayo yana kazi, kwani mwili huhitaji mafuta kidogo ili kufyonza vitamini A inayotokana na karoti na majani ya kijani kibichi.

Mayai ndani ya mchuzi. Pasha vikombe viwili na nusu vya mchuzi wa msingi katika kikaango kipana, tia pilipili hoho iliyokatwa vyembamba na maharage kikombe kimoja, na uache vichemke kwa dakika tano. Fanya vishimo kwa mgongo wa kijiko, pasulia mayai sita au manane ndani yake, funika na upike kwa moto mdogo kwa dakika sita hadi nane, mpaka kiini kiwe kigumu. Watu wazima hupenda kiini laini, lakini kwa watoto wadogo na wajawazito ni salama zaidi kiive kabisa. Yai moja lina takribani gramu sita za protini. Mlo huu huliwa kwa mkate wa unga usiokobolewa, na hauzidi dakika 20 tangu kuwasha jiko.

Samaki na viazi katika chombo kimoja. Tokosa viazi vilivyokatwa vipande vidogo kwa dakika 10, vichuje, kisha uvigeuze kwenye kikaango kipana chenye vijiko viwili vya mafuta pamoja na kitunguu na njegere zilizogandishwa. Panga juu yake gramu 600 za minofu ya samaki iliyotiwa limau, kitunguu saumu na chumvi kidogo, tia robo kikombe cha maji, funika vizuri na uache mvuke ufanye kazi kwa dakika 8 hadi 10. Samaki ameiva pale nyama yake inapopoteza hali ya kung'aa na kuachana kwa urahisi ukiigusa kwa uma. Pitisha vidole katika kila kipande cha mtoto kutafuta miiba, hata kama muuzaji amekuhakikishia kuwa hakuna. Dagaa wa kopo wanaweza kuchukua nafasi ya minofu, na mifupa yao laini inayoliwa ni chanzo kizuri cha kalsiamu. Papa na samaki wengine wakubwa wawindaji hukusanya zebaki nyingi mwilini na hawafai kuwa chakula cha kawaida cha watoto.

Kuku wa kukaanga haraka na wali wa jana. Tumia gramu 500 za kuku asiye na mfupa, aliyekatwa asubuhi. Kuku mbichi asioshwe, kwa sababu maji yanayoruka hueneza bakteria kwenye sinki na vyombo vya karibu, na joto la kupikia ndilo linalowaua. Pasha kikaango mpaka kiwe cha moto hasa, kisha kaanga kuku kwa mafungu mawili. Ukimtia wote kwa pamoja kikaango hupoa, maji hutoka, na utakuwa umemtokosa badala ya kumkaanga. Dakika tano au sita zinatosha vipande vyembamba, na kipande kinene kuliko vyote kikikatwa kisionyeshe rangi ya waridi. Mwenye kipimajoto athibitishe nyuzi 74. Mtoe kuku, tia karoti, baada ya dakika mbili pilipili hoho, na mwisho kabichi. Rudisha kuku pamoja na vikombe vinne vya wali uliotoka jokofuni na ugeuze mpaka wali uwe na moto unaofuka. Wali baridi hufaa zaidi hapa kwa kuwa punje zake zimekauka na hazigandani.

Tambi kwa nyama ya kusaga. Huu hauhitaji maelezo marefu. Kaanga gramu 300 za nyama mpaka isiwe na wekundu, kwaruzia karoti mbili ndani yake, tia vikombe viwili vya mchuzi wa msingi na kikombe kimoja na nusu cha maharage yaliyopondwa kidogo, uache vichemke pamoja kwa dakika 10 wakati gramu 400 za tambi zinaiva. Maharage hupanua kitoweo na kuongeza nyuzinyuzi, na watoto wengi hawayatambui. Bakiza kikombe cha maji ya tambi, maana wanga uliomo hushikamanisha mchuzi.

Hatua ya sita: Chakula kimoja, walaji wa umri tofauti

Kupika vyakula viwili, kimoja cha watu wazima na kingine cha watoto, ndiko kunakoharibu mpango wote, na mara nyingi hakuna sababu ya kufanya hivyo. Njia rahisi ni kuchota sehemu ya mtoto kabla ya kutia pilipili na kabla ya chumvi kukamilika. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiongezewe chumvi kabisa. Hata kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu tano za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na vidonge vya kukoleza mchuzi huweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho bila mpishi kutambua. Asali nayo isitumike katika chakula cha mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya botulizimu, yaani ugonjwa hatari wa sumu unaolegeza misuli.

Umbo la chakula lina uzito sawa na viungo vyake. Zabibu nzima, karanga nzima, vipande vigumu vya karoti mbichi na mapande ya nyama yanaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitano. Zabibu zipasuliwe kwa urefu mara nne, karanga zisagwe, karoti zitokoswe au kukwaruzwa, na nyama ichambuliwe kwa nyuzi. Mtoto ale akiwa ameketi, chini ya uangalizi.

Kuhusu mtoto anayekataa, kanuni inayofaa ni kugawana madaraka: mzazi huamua kipikwe nini, kiliwe saa ngapi na wapi, naye mtoto huamua ale kiasi gani. Hakikisha kuna angalau kitu kimoja mezani anachokikubali, hata kama ni wali mtupu, kisha weka kijiko kimoja cha chakula kigeni pembeni bila hotuba. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara tatu au nne. Kumwahidi peremende akimaliza mboga kunamfundisha kwamba mboga ni adhabu na peremende ndiyo chakula chenye thamani.

Hatua ya saba: Viporo vihifadhiwe ipasavyo

Chakula kilichobaki kiingie jokofuni ndani ya saa mbili tangu kuepuliwa, au ndani ya saa moja ikiwa joto la chumba limezidi nyuzi 32. Kigawe katika vyombo vipana visivyo na kina kirefu, kwani sufuria nzima ya mchuzi hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi hata ndani ya jokofu. Jokofu liwe na nyuzi 4 au 5, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Viporo vingi hudumu siku tatu hadi nne jokofuni. Kila chombo kiandikwe tarehe, maana kumbukumbu ya mtu aliyechoka si ya kutegemewa.

Wali uharakishwe kuliko vyote. Mchele hubeba mbegu za bakteria ziitwazo Bacillus cereus ambazo hustahimili kuchemshwa, na wali unapoachwa mezani ukapoa polepole, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu isiyoharibiwa kwa kupashwa moto tena. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uuweke jokofuni ndani ya saa moja, uutumie kesho yake, na uupashe mara moja tu mpaka ufuke mvuke kila upande. Kilichobaki baada ya hapo kitupwe. Mchuzi, maharage na nyama vipashwe hadi kufikia nyuzi 74, vikikorogwa katikati ya kupasha, hasa kwa anayetumia maikrowevu, kwa sababu chombo hicho huacha sehemu baridi katikati ya chakula, nayo sahani ya mtoto ionjwe joto lake kabla ya kuwekwa mbele yake.